Simu Yenye Sikio

Aliingia dukani na theluji mabegani,
bisibisi mbili mfukoni, na harufu ya grisi
iliyomtangulia kunisalimu.
Nikamtolea ile ninayowatolea wote,
nyembamba, ya rangi ya zabibu changa:
kamera tatu, kioo kisicho na ukingo,
bei ya kumfanya mtu ameze mate kimyakimya.

Hakuigusa. Kwanza alivaa glovu,
ile iliyotoboka kwenye kidole gumba,
ndipo akasema, "Haya, nipe."
Kioo kikamkataa.
Akagonga tena, na tena, kama mgeni
ajuaye fika kwamba wenyewe wamo ndani.
"Hii ni ya mtu mwenye mikono mitupu,"
akanirudishia bila dharau,
kama unavyomrudisha mtoto wa jirani kwao.

Nanuli, fundi wa lifti, hapa Tbilisi,
kwenye yale majengo makuukuu
ambako lifti hulishwa sarafu ndipo ipande.
Ana vijana wawili na gari moja bovu.
Ankara anaziandikia juu ya paa la kibanda,
ghorofa ya kumi na moja, amechuchumaa gizani,
tochi ameing'ata.

"Laini mbili?"
Mbili.
"Moja ya wateja, moja ya wale vijana.
Zikichanganyika nitamtukana mwenye nyumba."
"Betri inatoka?"
Nikacheka. Betri za siku hizi hazitoki,
zimezikwa humo kama siri za ukoo.
Hakucheka. "Baridi ya shimoni," akasema,
"hula chaji kama panya alavyo sabuni."

Tukashuka stoo, chini ya duka,
simu tano juu ya trei ya chai,
mimi mbele kama mhudumu wa karamu ya wafu.
Tatu zilipoteza mtandao kabla ya ngazi ya mwisho.
Ya nne ikabaki na kijiti kimoja, kinapepesuka.
Ya tano ilikuwa ile nene, nyeusi, ya pembe za mpira,
mbaya kama kipande cha sabuni ya mche,
imekaa mwaka mzima bila mtu kuiuliza jina.

Nilidhani tumemaliza.

Akaliendea friji langu la soda,
akarekodi mngurumo wake kwa simu zote tano,
akasikiliza moja moja, macho ameyafumba.
Ile ya zabibu changa ilikuwa kimya kabisa.
"Unasikia? Inasafisha sauti.
Imefundishwa kwamba mngurumo ni takataka.
Mngurumo ndio kazi yangu."

Kisha akatoa simu yake ya zamani,
kioo nyufa tupu, imefungwa kwa mpira wa ofisini,
akanionyesha: mota arobaini na moja,
kila moja kairekodi siku ilipokuwa nzima,
apate kuilinganisha ikianza kukohoa.
"Mota haifi ghafla," akasema. "Watu ndio hawasikilizi."

Akachukua ile nene.
Tukavutana bei hadi chai ikapoa;
akataka risiti kwa jina la kampuni,
akaisoma namba ya simu tarakimu kwa tarakimu
asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikawa nahamisha mafaili,
majina ya mitaa yakipita kiooni,
mpaka ukapita mtaa wangu. Nyumba yangu.
Mlango wa pili.
"Hiyo?" nikauliza.
Akavaa kofia, akafunga zipu hadi kidevuni.
"Hiyo nimewaandikia kamati yenu barua tatu."

Usiku huo nilisimama mbele ya lifti, sarafu mkononi.
Miaka kumi na tisa nimepanda humo
nikitazama simu.
Nikaitia mfukoni.
Nikaitumbukiza sarafu, mlango ukafunga,
na mahali fulani juu ya kichwa changu
kitu kikakohoa.